Kujitolea na kikundi cha amani Mathare: nyota nne kwa tano

Wengi mmenitafuta mkiuliza hii kazi ya kuvolantia na vikundi vya amani huku mtaani iko aje, kama kuna pesa, kama inasaidia kweli ama ni ya kuvaa tisheti na kupigwa picha, na kwa vile kura ya 2027 ni Agosti tarehe 10 na vikundi vimeanza kuandikisha vijana tena, wacha niseme yote hapa mara moja. Mimi niliingia kabla ya kura ya 2022. Kikundi ni cha hapa Mathare, Nairobi, kilianzishwa na akina mama wa soko na wazee wa mtaa, baadaye vijana wa base, yaani wale wa vijiweni, wakaingia, na jina lake sitataja kwa sababu kuna mambo nitalalamikia na sitaki mtu avunjiwe heshima wakati nia yao ni safi kabisa. Nimeongea pia na wenzangu waliofanya kazi kama hii Kibera, Korogocho na Nakuru na mengi yanafanana.

Nawapa nyota nne. Uvumi wanaushika vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kuona, majirani wanawaleta pamoja kweli, lakini kura ikiisha na wao wanapungua, na kuna jambo la polisi ambalo wanaliogopa. Hiyo ndiyo nyota iliyobaki.

Kwa wale hawajui Mathare, hili ni bonde, mto uko chini, Juja Road iko juu, na ndani kuna vijiji, Mashimoni, Kosovo, Bondeni, 3C, 4A na vingine, na kila mtu aliyelelewa hapa anajua ni wapi watu wa jamii fulani ni wengi na ni wapi wako wachache. Siku za kawaida hiyo haina maana yoyote, watoto wanasoma pamoja, maji tunachota mtambo mmoja, chapati unanunua kwa anayepika vizuri. Lakini 2006 tuliona Mungiki na Taliban, magenge mawili ya huku, wakipigania ushuru wa chang'aa na watu wakakimbia na magodoro, kabla hata ya siasa kuingia. Halafu 2007 ikaja, kura Desemba tarehe 27, matokeo tarehe 30, na usiku huohuo moshi. Tume ya Waki, iliyochunguza zile fujo, ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchi nzima na zaidi ya laki sita walitoroka kwao. Wazee wetu wengi kwa kikundi walizika mtu mwaka huo ama walipoteza nyumba, na ndio maana mama akisimama kwa mkutano akisema hataki kuona hiyo tena hakuna kijana anayeongea juu ya sauti yake.

Sasa kuingia. Hakuna fomu ya kulipia, ukiitishwa pesa ya kujiandikisha mahali popote toroka. Unapelekwa na mtu anayekujua, wanauliza kama uko kwa payroll ya mwanasiasa yeyote, kama wewe ni ajenti wa chama, na kama ni ndio hawakukatai lakini wanakwambia usubiri kura iishe. Hiyo niliipenda sana. Mafunzo yanafanywa kwa ukumbi wa kanisa, siku nyingine kwa darasa la madrasa ili hakuna mtu aone ni ya watu wa upande mmoja. Na mafunzo yenyewe si ya kusomewa katiba mchana kutwa. Ndio, kuna sehemu ya sheria, tulifundishwa ile sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, kifungu cha 13, kwamba matamshi ya chuki yanaweza kukupeleka jela hadi miaka mitatu ama faini hadi shilingi milioni moja ama yote mawili, na vijana wengi walishtuka kwa sababu walidhani hiyo ni ya wabunge peke yao. Lakini sehemu kubwa ni kukaa chini na kuzungumzia dalili, yaani ni nini hutokea mtaani kabla ya watu kuanza kupigana.

Na dalili ni vitu vidogo ambavyo ukiwa peke yako huviunganishi. Mwenye duka ameacha kuongeza stoku. Familia inahamisha vitu usiku, kidogo kidogo, kitanda leo, meko kesho. Watoto wa nyumba fulani wametolewa shule wakapelekwa ushago katikati ya muhula. Vijikaratasi vimetupwa mlangoni vikiwaambia watu wa kabila fulani wahame. Vijana wa base wanakutana saa za ajabu na kuna mtu wa gari anawanunulia chakula. Watu wameanza kuwaita majirani zao majina, madoadoa na mengine ambayo sitayaandika hapa. Kila volantia ana eneo lake, unatembea unaongea na watu kama kawaida, jioni unapeleka ripoti kwa mratibu, na akiona dalili tatu nne zimetoka eneo moja, wazee wanaenda huko siku hiyohiyo, hawasubiri mkutano wa wiki. Ikizidi wanapiga kwa ile namba ya bure ya NCIC, tume ya uwiano na utangamano, 1547, na kwa chifu.

Nije kwa uvumi, kwa sababu hapa ndipo nawapigia makofi.

Kura ya 2022 ilikuwa Jumanne tarehe 9 Agosti na mshindi wa urais alitangazwa Bomas Jumatatu tarehe 15. Hizo siku katikati ndizo zilikuwa kazi yenyewe. Maduka yamefungwa nusu, hakuna kibarua, kila mtu yuko nyumbani na simu, na magrupu ya WhatsApp yanawaka. Njia ya kikundi ni hii: uvumi ukiingia haufowadi hata kwa mwenzako, unampigia mratibu unamwambia kwa mdomo, yeye anapigia mavolantia wawili walio karibu na mahali penyewe, wawili wa jamii tofauti, wanaenda kuangalia kwa macho, kila mmoja anapiga simu peke yake kusema ameona nini. Wakikubaliana ndipo jibu linatoka. Na jibu halirudii uvumi, hiyo walitusisitizia mpaka ikaingia, kwa sababu ukisema "si kweli kwamba vijana wamekuja na mapanga" aliyesikia nusu amesikia mapanga tu. Unasema kilichopo. Usiku mmoja ilitumwa sauti kwamba kuna lori limeshusha vijana karibu na Juja Road na wana rungu, na ndani ya muda mfupi watu walikuwa wameanza kutoka nje na kila mmoja amebeba kitu. Wenzetu wawili walikuwa pale ndani ya dakika chache. Lori lilikuwa la kabichi, limepasuka gurudumu, na vijana ni wapakuzi wakitoa mizigo ili gari liinuliwe jeki, na hizo rungu ni vyuma vya jeki na mbao za kuzuia magurudumu. Sauti iliyorekodiwa kujibu ilikuwa ya mama mmoja anayeuza mboga ambaye kila nyumba inamjua, akasema yuko hapo, anaona lori la kabichi, dereva ni wa Kinangop na kesho kabichi itakuwa bei nafuu. Watu walirudi ndani. Nilikuwa hapo naona vile vyuma vinawekwa chini mmoja baada ya mwingine na mpaka leo nikisikia mtu akisema hii kazi ni ya bure namsimulia hiyo.

Kitu kingine walichofanya vizuri ni fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kila kituo. IEBC, tume ya uchaguzi, mwaka huo iliweka fomu za vituo vyote, zaidi ya elfu 46, kwa tovuti kila mtu aone, na nakala hubandikwa mlangoni pa kituo. Kwa hiyo mtu akisema kura za shule fulani zimebadilishwa, tulikuwa tunampeleka mlangoni, anapiga picha ya fomu iliyobandikwa, tunafungua ile ya tovuti kwa simu, anasoma mwenyewe mstari kwa mstari. Hatukuwa tunamwambia anyamaze. Hatukuwa tunamwambia nani ameshinda. Akipata tofauti tunamwonyesha mahali pa kupeleka malalamiko. Mtu aliyejionea na macho yake anatulia tofauti na aliyeambiwa tu atulie, na watu wengine walikuja na hasira sana wakaondoka wakiwa bado hawajafurahi matokeo lakini hawana haja ya kupiga mtu.

Hii njia hawakuivumbua wao, na wenyewe wanasema. Kule Tana Delta baada ya Wapokomo na Waorma kupigana 2012 hadi 2013, zaidi ya watu 100 wakafa, kulianzishwa huduma ya Una Hakika, unatuma uvumi kwa meseji, watu wa kijijini wanauchunguza, unajibiwa. Na huku Nairobi kulikuwa na Sisi ni Amani kabla ya kura ya 2013, hao waliandikisha kama watu elfu 65 kwa miguu, mtaa kwa mtaa, ili waweze kutumiwa meseji za kutuliza wakati mambo yanachemka. Kitu ambacho kikundi chetu kilichukua kutoka kwa hao ni kwamba meseji peke yake haitoshi, lazima anayeipokea awe anamjua aliyeituma.

Jambo la pili zuri ni mikutano ya wenye nyumba na wapangaji. Nataka niikazie hii kwa sababu haionekani kwa picha. 2008 moja ya mambo yaliyochoma huu mtaa ni nyumba, wapangaji wengine walikataa kulipa kodi, wengine wakaingia nyumba za waliokimbia wakakaa, na wenye nyumba wengine waliwafukuza watu kwa sababu ya jina. Jeraha hilo halijapona kwa wengi. Kikundi kilianza kuwaita pande zote mapema, kabla joto halijapanda, na mikutano ya kwanza ilikuwa ya kutupiana maneno tu, mwenye nyumba anasema nilipoteza plot nzima, yaani nyumba zote za kupangisha, mpangaji anasema ulinitoa usiku nikiwa na mtoto wa wiki mbili, na wazee wanawaacha waseme. Hawakuwakatiza na maombi. Polepole wakafika mahali pa kuandikiana: mwezi wa kura hakuna notisi ya kuhama inayotolewa, na hakuna mpangaji anayezuia kodi kwa sababu ya siasa, aliye na shida ya kweli aende kwa wazee wawili, mmoja wa kila upande. Karatasi ilisainiwa na kubandikwa kwa vibanda. Huo mwezi wa Agosti kwa plot zilizosaini sikusikia mtu ametolewa, na hata zile hazikusaini wengine waliona aibu.

Sasa malalamiko.

Pesa kwanza kwa sababu ndiyo mnauliza. Hakuna mshahara na hiyo wanasema wazi. Kuna fea na chakula siku za mkutano, na fea inachelewa, kuna wakati tulizungushwa mpaka wengine wakaacha kuja, si kwa tamaa, ni mtu ameacha kibarua na nyumbani wanamngoja. Kredo ya simu inatoka mfukoni mwako na hii kazi ni ya simu kabisa, siku za matokeo mtu anapiga simu asubuhi mpaka usiku. Ningependa kikundi kitenge pesa ya kredo kabla ya kuprinti hata tisheti moja.

Na tisheti zenyewe, hapa niwasifu tena, za kwetu ni nyeupe tupu na maandishi meusi. Kuna watu wa kikundi kingine walikuja mtaani na tisheti za manjano, nia njema, lakini manjano mwaka ule ilikuwa ya chama, walisimamishwa wakaulizwa wametumwa na nani na karibu wapigwe. Ukiona kikundi kimekupa rangi ya machungwa, manjano, nyekundu ama samawati wakati wa kura, rudisha.

Usalama wa dada zetu haujawekewa mpango. Mavolantia wengi ni wanawake, ripoti nyingi zinakuja usiku, na kutoka Mashimoni kupanda juu saa nne usiku si mchezo. Mara nyingi ni sisi wenyewe tulijipanga kusindikizana. Pia kuna mambo unayoyasikia, mama anakwambia yaliyompata 2008 ambayo hajawahi kumwambia hata mumewe, na wewe volantia unarudi nyumbani na hiyo kifuani na hakuna mtu wa kuongea naye. Tuliambiwa tumpe mtu namba 1195 ya dhuluma za kijinsia, sawa, inasaidia, lakini sisi tunaosikiliza pia tunahitaji mshauri wa kukaa naye hata mara moja kwa mwezi.

Halafu polisi. Hili naliandika kwa uzito. Katika wale 1,133 wa Tume ya Waki, 405 walikufa kwa risasi, na ripoti iliwataja polisi wazi. 2017 hapa Mathare, siku baada ya matokeo, mtoto wa kike wa shule ya msingi alipigwa risasi akicheza kwenye balkoni ya nyumba. Kisumu mwaka huohuo mtoto Pendo, miezi sita, alipigwa rungu ndani ya nyumba yao. Kwa hiyo ukisimama mbele ya vijana wa huku ukawaambia "tudumishe amani" na hujasema neno moja juu ya hao watoto, wanakuangalia tu, na wako na haki. Kwa mikutano mingi ya kikundi chetu, swali la polisi likiulizwa lilikuwa linapelekwa mbele, "tutalizungumza wiki ijayo, leo OCS, mkuu wa kituo cha polisi, ametutembelea." Naelewa wanaogopa kuharibu uhusiano, kwa sababu wakati mwingine ni huyohuyo OCS unampigia usiku. Lakini kazi ya kuzuia fujo si ya raia peke yao. Mavolantia wafundishwe kuandika tukio vizuri, saa, mahali, namba ya gari, cheti cha hospitali, na kulipeleka IPOA, hiyo mamlaka ya kusimamia polisi ipo kwa sheria tangu 2011, na mtaani wengi hawajui hata ofisi iko wapi. Tulipoanza kufanya hivyo wachache wetu, kwa hiari yetu, vijana ambao hawakuwa wanataka kutusikia walianza kuja kwenye mikutano.

Na mwisho wa malalamiko ni huu wa msimu. Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wake wa kesi ya urais Septemba tarehe 5, 2022, na baada ya hapo simu zikapungua, mikutano ikawa ya mwezi, halafu ya "tutawaambia". Wafadhili walikuwa wamelipia uchaguzi, uchaguzi umeisha. Lakini huku chini ugomvi haujaisha, kuna wa maji, kuna wa kodi, kuna wa vijana kuuana kwa sababu ya simu ya mkononi, na Juni 2024 maandamano ya vijana ya kupinga mswada wa fedha yalipokuja hatukuwa na mtandao wa kutosha wa kupigiana simu kama ule wa 2022, ilibidi tuanze kutafutana upya.

Nikilinganisha, naangalia Wajir, kule kaskazini mashariki mwa Kenya. Miaka ya tisini mwanzoni koo zilikuwa zinauana, na akina mama, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianzia sokoni, mahali ambapo mwanamke wa ukoo mmoja hakuwa anamuuzia wa ukoo mwingine. Walikubaliana soko liwe la kila mtu na wakaweka kamati ya kuangalia kila siku, tatizo likitokea linatatuliwa hapohapo. Kutoka hapo wakaenda kwa wazee, 1993 wazee wakatia saini azimio la Al Fatah, wakaingiza vijana, serikali, mpaka ikawa kamati ya amani ya wilaya ambayo baadaye nchi nzima iliiga. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood 2007, na Januari 2008 nchi ikiungua alikuwa Nairobi na wenzake kina Balozi Bethuel Kiplagat wakiita watu wa kila aina kwa mazungumzo kila asubuhi. Alifariki 2011 baada ya ajali ya barabarani. Ninachokiona kwa hiyo historia ni kwamba hawakuanza na kura na hawakuishia kwa kura, walianza na soko, na soko hufunguliwa kila siku. Kikundi chetu kina soko pia, kina mitambo ya maji, kina ile karatasi ya kodi. Vitu vya kufanya mwaka mzima wanavyo mkononi, wala havihitaji pesa nyingi.

Nani ajiunge? Kama wewe ni mtu wa kusikiliza, unaweza kukaa na mtu wa chama usichokipenda na usimjibu, na una watu wanaokuamini kwa plot yenu, njoo, watakufaidi na utajifunza. Kama unatafuta kazi ya kulipa kodi ya mwezi, usije na hiyo hesabu, utaumia. Vijana wa umri wa kura ya kwanza wanahitajika sana kwa sababu hawakuona 2008 na wanaongea na wenzao lugha ambayo sisi wengine hatuna.

Kabla hujaandika jina kwa kikundi chochote waulize haya: wakipata uvumi wanauhakikisha vipi na nani anajibu, ni lini mara ya mwisho walikutana kama hakuna mfadhili, nani anawasindikiza dada zenu usiku, na polisi akikosea wanafanya nini. Wakiyumbayumba kwa mawili, endelea kutafuta. Kwa upande wetu nimepeleka haya yote kwa kamati kwa maandishi, ya kredo na ya mshauri wamekubali kuanza nayo, ya IPOA bado tunavutana. Mafunzo ya wapya yanaanza shule zikifungwa, unakuja na kitambulisho na mtu mmoja wa kukudhamini anayeishi huku, chai ipo.